Inner Loop na Outer Loop ya barabara 495: ipi ni ya ndani?

Mzee_wa_Buhongwa ameandika:

Mwangaluka wana jukwaa.

Nimeendesha malori miaka thelathini na moja. Nimebeba sangara wa viwanda vya hapa Mwanza hadi Namanga, nimebeba pamba ya Magu, na pale Kigongo nimepanga foleni ya kivuko mpaka mama ntilie wakawa wananipakulia kabla sijashuka. Sijisifu. Nataka mjue kwamba aibu ninayoisimulia imempata dereva, si mwanafunzi wa udereva.

Juni 2025 nilikuwa Maryland, Marekani, kwa binti yangu aliyejifungua. (Ndiyo, mwezi huohuo daraja letu la Kigongo–Busisi likafunguliwa. Miaka yote ile nasubiri kivuko, siku ya kuvuka kwa matairi nipo ng'ambo nabembeleza mjukuu.) Wanakaa Silver Spring, kitongoji kilicho kaskazini mwa Washington, jirani na barabara ya Georgia Avenue. Mtaa umetulia, miti mingi. Ukikaa barazani unasikia mvumo usiokatika, kama upepo wa ziwani kabla ya jua kuchomoza. Siku mbili nilidhani kweli ni upepo. Kumbe ni magari, nyuma ya ukuta mrefu waliojenga kupunguza kelele. Hiyo ndiyo Interstate 495 (interstate ni barabara kuu zinazounganisha majimbo ya Marekani), wenyewe huiita Beltway, maana yake mkanda, kwa kuwa inauzunguka mji mkuu wote na kujifunga.

Jumamosi moja tulialikwa kipaimara mahali panaitwa Lanham. Binti na mumewe walitangulia. Nikabaki na mdogo wake mkwe wangu, kijana aliyehamia kutoka Houston wiki tatu nyuma. Gari analijua, mji haujui. Sisi ndio tulioachiwa sufuria la pilau. Nililipakata, nimelifunga kwa kanga, mapaja yanaungua nanyamaza. Ramani ilikuwa kwenye simu ya kijana. Tukiwa Georgia Avenue, binti yupo kwenye spika anatuelekeza, simu ikazima. Neno la mwisho lililotoka: "Chukueni Inner Loop, mtokee mchepuko namba ishirini."

Mbele kuna vibao viwili. Kimoja kinasema 495 mashariki, Baltimore. Kingine 495 magharibi, Northern Virginia. Lanham hakuna. Inner Loop hakuna. Kijana kanigeukia mimi, mzee wa barabara. Nikapiga hesabu ya haraka: Baltimore ni jiji jingine kabisa, kwenda huko ni kutoka nje. Basi hiyo ndiyo ya nje, na ya ndani ni hii nyingine. Nikamwambia kwa sauti ya mtu asiyeulizwa mara mbili, "Shika magharibi."

Tukaingia. Barabara nzuri, sina la kusema. Leni nne upande wetu, nne upande wa pili, katikati ukuta wa zege. Hakuna taa, hakuna tuta, hakuna anayevuka kwa miguu. Ghafla mbele yetu juu ya miti likatokea jengo jeupe pee, refu, minara sita ya dhahabu. Nikasema labda ni ikulu. Kijana akasema ni hekalu la Wamormoni. Baada ya hapo barabara ikaanza kona, kushoto, kulia, kushoto, inafuata bonde la kijito, na mimi na sufuria tukawa tunalala pamoja kila kona. Nilikuwa nahesabu michepuko: 33, 34, 35. Namba inapanda, na mimi natafuta 20. Nikajipa moyo kwamba duara ni duara, ikifika mwisho itaanza upya.

Kijana ndiye aliyeona kibao cha kutukaribisha Virginia. Tumevuka mto Potomac na mimi, mtu wa ziwa, sikuyaona maji! Nilidhani tupo juu ya daraja la kawaida la kupita barabara nyingine. Tukageuzia mchepuko namba 44, tukarudi njia yote. Tulifika Lanham watu wamekwisha kula keki. Pilau lilikuwa bado la moto, nashukuru kanga.

Maswali yangu ni haya. La kwanza, ndani na nje kwenye barabara hiyo maana yake nini hasa, na mtu ajue vipi bila simu? Binti alinieleza lakini alikuwa anacheka, sikushika kitu. La pili, tulipokaribia Lanham nguzo moja ilibeba namba mbili, 95 na 495. Barabara moja inakuwaje na majina mawili? Narudi huko mwezi wa nne na sitaki kukaa kiti cha nyuma.

---

Dogo_Furu:

Shikamoo mzee. Swali dogo tu: huo mchepuko namba 20, mama anaujua? Maana sisi tulishaambiwa baki njia kuu, michepuko siyo dili 😂

---

Mzee_wa_Buhongwa:

Marahaba. Mama anaujua, na ndiye aliyeniambia nije kuuliza huku badala ya kumsumbua yeye. Wenye majibu tafadhali.

---

Kirumba_Maryland:

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mtoto wa Kirumba, nyuma ya uwanja, ila mwaka wa tisa huu naendesha trela huku Maryland. Hiyo barabara naipita mara nne au tano kwa wiki. Kwanza pole. Ulivyofikiri ndivyo kila mgeni anavyofikiri.

Kosa lipo hapa: ulidhani "ya ndani" ni ya kuingia mjini na "ya nje" ni ya kutoka. Hakuna inayoingia wala kutoka. Zote mbili zinazunguka tu. Kumbuka njia za kukimbilia pale uwanja wa Kirumba: kuna mstari ulio karibu na nyasi na kuna ulio karibu na majukwaa. Sasa chukulia mstari wa ndani wote wanakimbia upande mmoja, na wa nje wote wanakimbia upande wa kinyume. Washington ndiyo nyasi. Hiyo ndiyo Beltway.

Nani yupo wa ndani? Huku tunaendesha kulia. Ukizunguka kwa kufuata mshale wa saa, mji unakuwa mkono wako wa kulia, na kwa kuwa wewe unakaa kulia, wewe ndiye uliye karibu na mji. Inner Loop. Anayezunguka kinyume cha saa, mji upo kushotoni kwake ng'ambo ya magari yenu ninyi. Outer Loop.

Kwa mtu wa Mwanza kuna njia rahisi zaidi. Ile kipilefti ya Samaki mjini unaizungukaje? Sanamu unaiweka mkono wa kulia, unazunguka. Inner Loop ni hivyohivyo. Washington ndiye samaki. Ukiona mji upo kuliani kwako, uko ya ndani.

Wewe ulikuwa Silver Spring, juu ya duara, kaskazini. Lanham ipo mashariki. Kutoka juu kwenda mashariki ni kufuata saa. Ile ya "Baltimore" ndiyo ilikuwa yako.

Na usishangae vibao havikusema Inner wala Outer. Kwenye duara, mashariki haidumu. Ukitoka Silver Spring ukienda mashariki, ukifika Lanham pua ya gari inatazama kusini, na hujakata kona hata moja unayoikumbuka. Ndiyo maana watangazaji wa foleni redioni na watu majumbani wanasema Inner na Outer, neno lisilobadilika hata ukizunguka kilomita zote 103.

Michepuko sasa. Upande wa Maryland namba zinaanza kule chini mashariki, kwenye daraja la Woodrow Wilson, zinapanda kinyume cha saa, karibu namba moja kwa kila maili. Kwa hiyo kutoka Georgia Avenue ulipopandia, mchepuko 31, mpaka 20 ni maili kumi na moja hivi, kilomita 18. Ukiwa Inner Loop namba zinashuka, Outer zinapanda. Ulipoona 33 ungejua. Ila pia usizizoee: ukivuka Virginia zinaendelea 43, 44 hadi 57 pale Springfield, halafu unakutana na 173! Hujapotea. Pale 95 inaingia kwenye mkanda, na Virginia wanahesabu maili za 95 tangu mpaka wao na North Carolina.

Hiyo inanileta kwenye swali lako la pili, ila ngoja nishushe mzigo kwanza.

---

Dogo_Furu:

Washington ndiye samaki 🤣 Hii naiandika ukutani.

---

Kirumba_Maryland:

Nimerudi.

Namba za interstate zina utaratibu. Mfumo wenyewe ulipata fedha kwa sheria ya 1956, wakati wa rais Eisenhower, na namba hazikutolewa ovyo. Witiri ni kaskazini–kusini, zinaanza ndogo magharibi: 5 ipo California, 95 ipo huku pwani ya mashariki, inatoka Miami mpaka mpaka wa Kanada. Shufwa ni mashariki–magharibi. Zenye tarakimu tatu ni watoto. Tarakimu mbili za mwisho ni jina la baba: 495 ni mtoto wa 95. Tarakimu ya kwanza ni tabia yake. Ikiwa shufwa, kwa kawaida anazunguka mji au anaungana na interstate nyingine pande zote mbili. Ikiwa witiri, kama 395, anaingia mjini na kuishia humo.

Baba mwenyewe, 95, alipangwa apite katikati ya Washington. Wakazi walikataa. Nyumba zingebomolewa, mitaa ingekatwa vipande, na waliokuwa wanabebeshwa mzigo huo zaidi walikuwa watu weusi. Walipambana miaka mingi mpaka mpango ukafa, na fedha nyingi zikaelekezwa kwenye treni za Metro. Mwaka 1977 ikabidi 95 ipite pembeni, kwenye nusu ya mashariki ya mkanda uliokuwa umekamilika tangu Agosti 1964. Ndiyo sababu uliona namba mbili nguzo moja: hapo baba anatembea juu ya mgongo wa mtoto. Upande wa magharibi, ulikoenda kutembeza pilau, kuna 495 peke yake.

Ushahidi bado upo. Safari ijayo ukipita mchepuko 27, College Park, angalia makutano yalivyo makubwa. 95 inashuka kutoka Baltimore kwa kishindo, halafu inatawanyika kulia na kushoto. Yalijengwa kwa barabara iliyokuwa iendelee moja kwa moja mpaka mjini. Haikuendelea.

Na mzee, kutoyaona maji si wewe. Lile daraja lina kuta na pembeni miti mitupu, mimi nililivuka mwezi mzima kabla ya kujua ni mto. Ukitaka maji pita chini, Woodrow Wilson. Pale Potomac imetanuka, na daraja lina sehemu inayofunguka meli zipite. La zamani la 1961 lilikuwa fupi kwenda juu, likafunguka mara nyingi mno na foleni ikawa ya kulia machozi. Haya mapacha mapya, 2006 na 2008, yameinuliwa, hayafunguki ovyo.

---

Mpima_Kisesa:

Shikamoo baba. Mimi ni mpima ardhi, naishi Kisesa, na nimeona mmeitaja Beltway nikakumbuka kwamba na sisi tunayo, ila hatuipi heshima yake.

Kabla ya barabara ya Usagara–Kisesa, lori la Shinyanga linalokwenda Sirari lilikuwa linashuka Buhongwa, Nyegezi, Mkuyuni, linaingia mjini, halafu linapanda tena Nyerere Road: Mabatini, Buzuruga, Igoma, ndipo linafika Kisesa. Sasa likifika Usagara linakata kulia, kilomita kumi na sita na ushee, limekwepa mji wote. Nusu duara. Nusu nyingine ni ziwa, hatuna mkandarasi wake.

Na mkitaka ndani na nje yetu: huku tunaendesha kushoto, kwa hiyo kila kitu kinapinduka. Anayetoka Usagara kwenda Kisesa mji upo kushotoni, naye anakaa kushoto, basi yeye ndiye wa ndani. Anazunguka kinyume cha saa. Maryland huyohuyo angeitwa wa nje. Baba, nadhani mkono wako wa kushoto nao ulishiriki kukupoteza.

Ila kuna jambo moja linalonikera na sitalinyamazia. Kinachoifanya barabara ile ya Marekani iwe kama ilivyo si upana. Ni kwamba huwezi kuifungulia geti. Nyumba ya binti yako inaisikia barabara usiku kucha lakini haiwezi kuigusa. Lazima aende mpaka Georgia Avenue ndipo apande. Hapa kwetu sheria inatoa hifadhi ya mita 60 kwa barabara kuu, thelathini kila upande, na tunaisimamia kwa alama ya X nyekundu ukutani. Lakini nje ya ile hifadhi kila mtu anafungua njia yake. Juzi nimetembea kwa miguu kipande kisichofika kilomita moja jirani na Kisesa, kwa kazi zangu. Nimehesabu njia kumi na nne zinazoingia barabarani: gereji, mashine ya kusaga, mbao, mbili za viwanja ambavyo havijajengwa bado. Kila moja ni bodaboda inayochomoza bila kutazama. Barabara ya kukwepa mji, mji unaifuata kwa miguu.

---

Mzee_wa_Buhongwa:

Mwanangu wa Kisesa, marahaba. Hizo gereji ukizifunga mimi wa kwanza kulia. Lori likikukatikia springi saa mbili usiku, utamshukuru aliyefungua njia yake. Kule Beltway tuliona gari limeharibika kwenye bega la barabara, mwenyewe amekaa ndani amefunga vioo, anasubiri. Hakuna hata wa kumuuzia maji. Lakini najua unachosema. Hao bodaboda wamenitoa jasho miaka mingi.

Sasa niwape taarifa. Niliposoma habari ya samaki sikuamini, nikataka kujaribu mwenyewe. Nimechukua sinia la mama, nimeliweka mkekani. Katikati nimeweka limau, ndiyo Washington. Vizibo viwili vya soda, chekundu na cha kijani, ndiyo magari. Kaskazini nimeelekeza mlangoni.

Nikaweka chekundu juu pale, Silver Spring, nikakisukuma kufuata saa. Kikajikuta ukingoni mwa sinia, kwa nje! Cha kijani kinyume cha saa, kikawa karibu na limau. Nikasema hawa vijana wamenidanganya. Nikarudia mara tatu, matokeo yaleyale. Mjukuu wangu mkubwa, wa darasa la tano, amesimama mlangoni ananiangalia, akauliza, "Babu, mbona magari yako yanapishana kama ya hapa?"

Ni kweli. Mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ulikuwa unaendesha kushoto. Miaka thelathini na moja. Kila kizibo nilikipisha na mwenzake kwa kumwacha kuliani. Nikarudia taratibu, nikikilazimisha chekundu kukaa kulia kwake. Safari hii kikapita ubavuni mwa limau, limau lipo kuliani kwake, kikashuka mashariki mpaka Lanham. Cha kijani kikaenda zake Virginia na pilau.

Kirumba, Mungu akubariki. Nimeandika nyuma ya kadi ya kliniki, maana ndiyo isiyopotea kwenye mfuko wangu: *samaki kulia, namba zishuke*. Nimempigia binti nikamsomea. Akanyamaza kidogo, akasema hata yeye alikuwa anafuata simu tu, hajawahi kujua kwa nini inaitwa ya ndani.

---

Kirumba_Maryland:

Haha. Mwezi wa nne ukifika nitafute, mzee wangu. Nitakupitisha Woodrow Wilson uone maji. Ila siku hiyo usibebe sufuria.

---

Dogo_Furu:

Mzee, na sisi tusiokuwa na sinia tufanyeje?

---

Mzee_wa_Buhongwa:

Tumia ungo. Naondoka, mama anaulizia limau lake.